Shajara ya Katibu wa Timu ya Kuboresha Kazi

Jumatatu
Timu imeundwa. Kazi yetu ni kupunguza muda ambao mgonjwa anasubiri faili lake pale masjala kabla ya kumwona daktari. Mwezeshaji kutoka mkoani amegawa vyeo. Mwenyekiti ni Dokta, kwa kuwa ni Dokta. Mimi katibu, kwa kuwa nilionekana na kalamu. Mtunza muda ni kijana wa maabara, aliyechaguliwa akiwa bado hajafika. Mzee wa masjala, ambaye ndiye anayeyatafuta hayo mafaili, ameambiwa, “Wewe mzee wetu ni mjumbe tu.”

Tumekubaliana kwa kila jambo. Mwezeshaji amefurahi, akasema ndivyo ilivyo hatua ya kwanza. Kwa mujibu wa Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika habari hizi mwaka 1965, kikundi kwanza huundwa, kisha huzozana, kisha huzoeana, ndipo kikafanya kazi. Matroni ameuliza kama hiyo hatua ya kuzozana ina posho.

Jumanne
Tumeanza na zile S tano za kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wizara ya Afya ilizianzisha hospitalini mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani wa JICA, Mbeya wakitangulia. Kusasambua ni kutenga kisichohitajika, unakibandika lebo nyekundu. Kijana wa maabara alipewa lebo. Amebandika kabati bovu, birika la Matroni, na kigoda cha masjala. Vyote vimepelekwa stoo.

Hatua ya pili ya Tuckman imeanza saa nne na nusu, kuhusu birika.

Jumatano
Muda wa kusubiri umeongezeka. Hakuna aliyejua sababu mpaka mchana, mhudumu wa usafi alipomkuta mzee amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa. Rafu ya juu haifikiwi bila kigoda. Ameulizwa mbona hakusema. Amejibu kwamba ajenda ya jana haikuwa na nafasi ya wajumbe.

Kigoda kimerudi. Birika halijaonekana.

Alhamisi
Leo ni mfupa wa samaki, ule mchoro wa Mjapani Kaoru Ishikawa: tatizo unaliweka kichwani, visababishi unavipanga kwenye miiba. Manesi wameandika “mapokezi”. Mapokezi wameandika “manesi”. Maabara wameandika “mtandao”. Mwiba wa upande wa mapokezi ulijaa, ikabidi tuunganishe karatasi ya pili kwa plasta ya kidonda.

Mtunza muda sasa ameipenda kazi yake. Alimkatiza Dokta dakika zilipokwisha, kwa hiyo muhtasari wangu unasomeka: “Mwenyekiti alieleza kuwa chanzo kikuu cha tatizo ni”. Nimeuacha hivyo hivyo. Katibu haongezi maneno.

Ijumaa
Mwezeshaji ametuletea habari za Meredith Belbin, Mwingereza aliyechunguza timu kwa miaka mingi katika chuo cha Henley. Aligundua kwamba timu iliyojazwa watu wenye akili kali watupu mara nyingi hushindwa. Ukumbi umekaa kimya. Kila mmoja wetu ameonekana kuguswa.

Baadaye nimetumwa kupima muda kwa simu yangu. Nilisimama pembeni ya dirisha la masjala. Mama mmoja akaja kusimama nyuma yangu, na wengine nyuma yake. Nilipogeuka kuandika, foleni yangu ilikuwa ndefu kuliko ile halali, na mwenye dirisha hana habari nayo. Nilipowaeleza kwamba mimi napima tu, mama yule akaniuliza, “Sasa mwanangu, mpimaji anapimiwa wapi?” Vipimo vya leo havitatumika.

Jumatatu
Dokta ameitwa wodini, mtunza muda yuko darasani, mwezeshaji hajafika. Bila wenye vyeo, mzee akazungumza. Mgonjwa akipoteza kadi, mapokezi humpa namba mpya. Mtu mmoja anakuwa na mafaili matatu, na daktari analirudisha lile alilopelekewa kwa kuwa halina historia. Kinachochelewesha ni kutafuta la zamani. Akatoa daftari lenye majina ya wagonjwa, na namba zao zote zikiwa ubavuni. Amelianza mwenyewe, kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu.

Mapokezi na manesi wamekaa meza moja wakilinakili. Matroni amewachemshia chai, kwa sufuria. Naona hii ndiyo hatua ya nne. Ya tatu sijui tuliipita lini.

Jumanne
Dokta amepata uhamisho. Mwaka 1977 Tuckman na Mary Ann Jensen waliongeza hatua ya tano, ya kuagana. Yetu imechukua muda wa soda moja moja.

Mwenyekiti mpya amefika saa nane, akaomba tujitambulishe na tugawane majukumu upya. Tumekubaliana kwa kila jambo. Mzee amependekezwa kuwa makamu mwenyekiti, akapita bila kupingwa. Hakuwepo ukumbini, kulikuwa na watu dirishani.