Mboni Wazi Mjini York

Mama na Ami, mimi mzima, alhamdulillahi, ila macho. Msishtuke, walioyapima wameyafanya hivi kusudi.

Huku mwenye kisukari huitwa kwa barua akapimwe macho. Haombi, anaitwa, na siku ikikaribia simu inalia kumkumbusha. Barua yangu ilisema nisiendeshe gari na nije na miwani ya jua. Miwani ya jua, York, mwezi wa Machi! Jua la hapa nalo hutoka kwa miadi.

Kwenye chumba cha kungojea nikasalimu wote, kama mlivyonilea. Wakanitazama kwa wasiwasi, pengine walidhani nataka kukopa. Wa mapokezi akaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Muuguzi akaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Mpiga picha naye hiyohiyo. Habari za nyumbani? Hakuna aliyeuliza. Muuguzi akanitia matone, akasema yatawasha kidogo. Mwingereza akisema kidogo, shika kiti! Mboni zikapanuka, nikaegemeza kidevu kwenye mashine, mwanga ukanipiga, wakapata picha ya retina, ile ngozi ya ndani nyuma ya jicho. Nikauliza nalipia wapi. Hakuna kulipa, majibu yatakuja kwa posta.

Kutoka nje, jua linawaka.

Dawa hukaa saa kadhaa, basi nikaingia mjini kutembea. Mji huu waliuanzisha Warumi mwaka 71. Kuta zake za zama za kati, zaidi ya kilomita 3, kuzipanda ni bure, lakini kuna sehemu hazina reli upande wa ndani. Nikazitazama kutoka chini, zikanitosha. Nje ya kanisa kuu, Minster, ameketi Konstantino wa shaba, aliyetangazwa kaizari papa hapa York mwaka 306. Kwa mboni zangu alikuwa mzee tu anapumzika. Nikampa salamu. Hakujibu, nikajua huyu keshazoea desturi za huku.

Ndani kuna dirisha la mashariki, vioo vya rangi vya fundi John Thornton vilivyokamilika mwaka 1408, ukubwa wake karibu na uwanja wa tenisi. Limechorwa habari za dunia tangu kuumbwa hadi mwisho wake. Mimi niliambulia mwisho tu: rangi zote zimevurugana.

Raha niliipata Shambles, mtaa wa wauza nyama wa zamani. Nyumba ni za mbao, ghorofa za juu zimejitokeza mbele mpaka zinakaribia kugusana, na wenyeji wanasema zilijengwa hivyo ili jua lisiharibu nyama. Kulabu za kutundikia bado zipo juu ya madirisha, ingawa siku hizi maduka yanauza peremende na fimbo za uchawi. Vichochoro vya Mji Mkongwe huko nyumbani vina kivuli kilekile. Nikasimama chini ya kulabu, kwenye kivuli cha nyama, nikavua miwani, nikapumua.

Sasa Ami, hili lako. Unasema macho yako mazima kwa kuwa kete za bao unaziona mpaka magharibi. Kisukari hula retina kimyakimya, na ukianza kuona giza kimeshakula. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja wakutazame, na Mama akushike mkono wakati wa kurudi.