Papa Atengeneza Mashine ya Liège Akiwa Manika

Papa, Mama, na ninyi nyote mnaobanana kwenye simu moja hapo nyumbani Manika,

Niliahidi kuwaandikia habari ya mashine yetu ya kuoshea vyombo huku Liège, maana kila nikianza kuieleza kwa simu, ama SNEL wanakata umeme, ama Mama anauliza tena kwa nini nyumba yenye watu wazima wenye mikono inahitaji mashine ya kuosha sahani. Mama, mashine ilikuja na shemeji. Alipohamia kwetu hakuleta godoro wala sufuria, alileta hiyo, na huwezi kumpokea mtu ukakataa mzigo wake. Halafu usiidharau: ukiiweka kwenye mwendo wa kubana matumizi, inaosha mzigo mzima kwa lita kama 10 za maji. Tantine akisugua sufuria ya bukari, yaani ugali, lita 10 zinakwisha na ukoko bado upo.

Basi ikaanza kuvuja. Asubuhi dimbwi mbele ya mlango wake. Baadaye ikagoma kuosha kabisa, ikawa inanguruma usiku kucha. Tukaenda dukani. Muuzaji akauliza ina umri gani. Miaka minne. Akanipa pole ya msibani, akatuonyesha mpya ya euro 549. Tukampigia fundi: kuja kuitazama tu ni euro 85, bisibisi ikiwa bado mfukoni. Jirani yangu Mbelgiji, mtu mwema sana, akanishauri niipeleke kwenye uwanja wa taka, wanapokea bure.

Sasa mniambie: mtu aliyekua akitazama bwawa la mabaki ya mgodi la Kingamyambo ataambiwaje kwamba kitu kimekwisha? Enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, kisha za Gécamines, mabaki ya konsantrateri, kiwanda cha kuchenjulia madini, yalimwagwa pale na kwenye bonde la Musonoi miaka nenda miaka rudi, zaidi ya tani milioni 100 za matope, na sisi watoto tukikatazwa kuyasogelea. Wakaja wengine wakayapima, wakakuta shaba imebaki humo kama asilimia moja na nusu, na kobalti juu yake. Wakaanza kuyagombania. Mwaka 2009 serikali yetu ikawanyang'anya Wakanada wa First Quantum mradi huo, kesi zikafika mpaka ng'ambo, na tangu 2018 kampuni ya Metalkol wanayachota matope yale yale na kuyachuja upya. Babu alitupa, mjukuu anachimba. Na Union Minière yenyewe, mnajua iko wapi? Mwaka 2001 ilibadili jina ikawa Umicore, na kwenye kiwanda chake cha Hoboken, kitongoji cha Antwerp, inayeyusha mabaki ya vyombo vya umeme itoe shaba na dhahabu. Mota ya mashine ya shemeji imesukwa kwa nyaya za shaba, na nani ajuaye kama shaba hiyo si ya kwetu? Niwapelekee mara ya pili, bure? Nikakataa.

Hapo ndipo Papa alipoingia kazini. Wadogo hamkumbuki: Papa alitunza pampu za konsantrateri mpaka 2003, alipotoka Gécamines na wenzake zaidi ya 10,000 kwa ule mpango wa fedha za Benki ya Dunia ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari ya nani, hatujaambiwa hadi leo. Nilipomgeuzia kamera ya simu hakuuliza mashine ni ya kampuni gani. Alisema: "Umeme umetoa? Maji umefunga?" Nikafunga. "Sasa acha kutazama maji yalipo. Tafuta yanapotoka."

Tukafungua ubao wa chini. Ndani kuna trei, imejaa maji, na juu yake kinaelea kidude cheupe chepesi. Papa hajawahi kuona mashine ya namna hii maishani mwake, lakini kidude alikitambua mara moja. Trei ikijaa, kinapanda, kinafunga maji yanayoingia na kuiamuru pampu itoe yaliyomo. Ngurumo ya usiku ndiyo hiyo. Mashine haikufa, ilikuwa inajikinga na mafuriko. Mimi na shemeji tukaivuta, tukaiinamisha nyuma, maji yote yakaishia kwenye soksi za shemeji. Kidude kikashuka. Kimya.

"Leta unga," Papa akasema.

Mke wangu alisimama mbele ya kabati. Unga wa mahindi tunaufuata Matonge, Brussels, na haumwagwi ovyo. Lakini Papa ni Papa. Tukaunyunyiza chini ya mashine, tukawasha, tukalala sakafuni na tochi. Unga ulibaki mweupe, mweupe, hata shemeji akaanza kusinzia. Kisha kwenye kona ya kushoto ya mlango ukatokea mstari mwembamba wa kijivu, ukatambaa, ukavimba ukawa donge. Mama akapaza sauti kutoka nyuma ya simu: "Hiyo sasa ni bukari, ipikeni!"

Ule mpira wa chini wa mlango ulikuwa umekakamaa na kupasuka urefu wa ukucha. Ndani ya ufa tulikuta mwiba wa samaki wa thomson na mawese ya mboga ya sombe yaliyoganda. Shemeji, ambaye huweka sahani bila kuzikwangua, akapata ghafla simu ya kupokea barazani.

Papa alitaka nikate kipande cha mpira wa tairi na kukibandika, kama kwado wa Dilala anavyoziba tairi. Hapo nilibisha: mpira ule haupatani na mafuta, seuze maji ya moto na sabuni kali kila jioni. Akafikiri, akasema, "Basi tafuta wa mashine yenyewe."

Na upo! Tangu Machi 2021 Umoja wa Ulaya unawalazimisha watengenezaji wa mashine hizi kuweka mipira ya mlango kwa miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni, na kumuuzia hata mtu wa kawaida, imfikie ndani ya siku 15 za kazi. Mwaka 2024 wakaongeza sheria nyingine ya haki ya kutengeneza. Bunge zima limekaa, Papa, kukupa haki ambayo hujawahi kumwomba mtu. Muuzaji wa dukani hakuitaja. Mpira ukaja kwa posta, euro 19. Unaingia kwenye mfereji wake kwa kidole gumba tu, pembe kwanza, umelowekwa maji ya sabuni kidogo. Tukanyunyiza unga tena: umebaki mkavu.

Papa, Jumamosi usiende mbali na simu. Yule jirani Mbelgiji analeta mashine yake ya kahawa, inavuja kwa chini. Nimemwambia mtaalamu wetu yuko Manika, analipwa kwa megabaiti, na SNEL wakikata atasubiri. Amekubali yote. Ameuliza tu kama unga aje nao mwenyewe.