Sarufi ya Besi: Je, Ikwalaiza ni Kivumishi?

Kwenye maduka ya spika ya Luthuli Avenue, Nairobi, kuna swali lisilokwisha: je, ikwalaiza (vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti za chini, za kati na za juu) inaweza kuongeza besi ndani ya gari? Mafundi wamelijibu kwa bisibisi. Sisi tutalijibu kwa sarufi, kwani hili ni suala la lugha. Neno kivumishi linatokana na kuvumisha, na kuvumisha ni kufanya kitu kivume. Mwenye gari anayesogeza kitufe cha besi anataka nini kingine?

Nadharia yetu ni kwamba ikwalaiza ni kivumishi, na kivumishi hakiumbi nomino. Ili kuithibitisha, tumezipanga besi zote za magari katika ngeli tano.

Ngeli ya A-WA: besi yenye uhai. Imo kwenye wimbo, na ipo sabufa ya inchi 12, ndani ya sanduku lake na kwa amplifaya yake, inayoweza kuitamka. Hapa ikwalaiza hutii. Ongeza desibeli 3 na abiria wa kiti cha nyuma ataacha kusinzia.

Ngeli ya KI-VI: vispika vya mlangoni. Kila sauti inaposhuka oktavu moja, koni ya spika hudaiwa kusafiri mara nne zaidi ili kelele ibaki ileile. Kispika hakina safari hiyo. Ukikivumisha kwa nguvu, kinachovuma ni bati la mlango.

Ngeli ya LI-YA: dai, madai. Sandukuni redio imeandikwa wati 50 mara nne. Lakini redio ya kawaida hulishwa na umeme wa gari, volti 14 na ushei injini ikiwaka, na kwa spika ya omu 4 hesabu hiyo haivuki wati 26 hivi za kweli. Sasa mwenye gari anasema, “Fundi, ongeza kidogo tu,” na kidogo chake ni desibeli 10. Sikio litasikia kama maradufu. Amplifaya itatakiwa kutoa nguvu mara 10. Isipokuwa nazo, vilele vya mawimbi hukatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule, na besi huanza kukoroma.

Ngeli ya U-ZI: waya, nyaya. Hii ndiyo ngeli inayodharauliwa kuliko zote. Mteja analalamika kwamba ikwalaiza imefika mwisho na besi haipo. Fundi hagusi ikwalaiza. Anatoa betri ya tochi ya volti 1.5 na kugusisha nyaya za spika, moja baada ya nyingine, chanya kwa chanya. Koni ya kushoto inaruka nje. Ya kulia inaingia ndani. Spika moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na besi inafia katikati. Ukiongeza ikwalaiza, unawaongezea nguvu wagomvi wote wawili kwa usawa. Fundi anageuza nyaya mbili tu, na besi inarudi huku vitufe vyote vikiwa sifuri. Wanasarufi huita jambo hili upatanisho.

Ngeli ya PA-KU-MU: besi ya mahali. Wimbi la mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, kupita matatu yenyewe ya abiria 14. Kwa hiyo ndani ya gari dogo lililofungwa madirisha, sauti za chini kabisa hukandamiza hewa yote kwa pamoja na kupanda bila kuombwa: hiyo ndiyo mu, besi ya kifuani. Fungua madirisha, igeuke ku, ya mtaa mzima. Ni kwa ajili ya ku hiyo kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zilitaja kelele na mitetemo pamoja.

Hukumu basi ni hii. Ikwalaiza inaweza kuongeza besi iliyopo, kwa gari lenye spika ya kuitamka na amplifaya ya kuilipia. Kagua nyaya kwanza, kisha uzibe matundu ya mlango, kisha upime nguvu. Hata ukifika kwenye vitufe, jaribu kupunguza sauti za kati kabla ya kupandisha za chini. Kwa Kiswahili nomino hutangulia, kivumishi hufuata.