Hongera kwa Hati Safi, Mkurugenzi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya (jina tunalo, tunalistahi).

YAH: PONGEZI ZA HATI SAFI NA MAOMBI YANAYOAMBATANA NAZO

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi wananchi wa kijiji cha mwisho wa barabara tumepokea kwa furaha habari kwamba Halmashauri yetu imepata hati safi, tena siyo kwa mara ya kwanza. Tulisikia kwamba makao makuu keki ilikatwa, waheshimiwa madiwani wakalishwa kipande kimoja kimoja mbele ya kamera, na Mwenyekiti akatoa nasaha kwamba tusibweteke. Diwani wetu alituletea salamu. Keki yenyewe haikufika, na hatulaumu. Barabara ni mbovu na keki ni kitu laini.

Kwa kuwa wengi wetu si wahasibu, tulimwomba mwalimu mstaafu wa hapa kijijini atufafanulie hati hiyo ni kitu gani. Akatueleza kwamba kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, hukagua hesabu zenu kila mwaka, ripoti ikamfikia Rais kufikia mwisho wa Machi na kuwekwa mezani bungeni mwezi Aprili. Kufikia hapo mwaka wa fedha wenyewe ulishafungwa tangu 30 Juni iliyotangulia. Akasema pia kwamba hati safi ni maoni ya mkaguzi kuhusu namna vitabu vilivyoandikwa, na kwamba hata CAG mwenyewe hukumbusha kuwa kuipata hakumaanishi kuwa kasoro hakuna. Hapo ndipo roho zetu zilipotulia. Miaka yote tulikuwa tunajiuliza inawezekanaje Halmashauri iwe safi na zahanati tunayoifuata kijiji cha pili ikose hata dawa ya minyoo. Kumbe kinachoulizwa ni risiti ya dawa, na risiti ipo.

Tuna suala la mpapai. Utakumbuka, au atakumbuka mtangulizi wako aliyehamishwa, au yule wa kabla yake, kwamba tuliambiwa tujenge zahanati yetu kwa nguvu zetu mpaka lenta, halafu Serikali itaezeka na kumalizia. Tukajenga. Kila kaya ilitoa mchango, na asiyekuwa na fedha alifyatua tofali. Kina mama walisomba maji kutoka mtoni. Wazee waliosamehewa kazi walikaa kuhesabu mifuko ya saruji ili isipungue usiku. Mtendaji wa kijiji alizunguka na daftari, na kaya iliyochelewa ilijikuta haina kuku. Lenta ikafika. Tangu hapo, kila Bunge la bajeti, tumekuwa tukisikia redioni zikitajwa shilingi milioni 50 za kumalizia boma la zahanati na milioni 12.5 za kumalizia boma la darasa, na kila tukisikia tunageuka kutazama barabarani.

Boma limebaki boma. Kwenye chumba kilichochorwa kuwa cha sindano umeota mpapai, umeshaipita lenta, unazaa vizuri, na watoto wanapanda dirishani kuyaangua mapapai. Chumba cha wazazi nacho kinatumika kama kilivyokusudiwa: mbuzi wa jirani walizalia humo msimu wa mvua uliopita, na wote walitoka salama bila rufaa. Kwa hiyo tunaomba mwongozo wa kitaalamu. Mpapai huu uingizwe kwenye rejista ya mali za kudumu? Mapapai yakiuzwa, yahesabiwe kuwa mapato ya ndani? Na kama ni mapato ya ndani, ile asilimia 10 ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, itengwe kabla ya kuliwa au baada?

Tunauliza kwa tahadhari, maana kikundi cha kina mama wa hapa kiliwahi kuandika andiko la mradi wa kufuga kuku wa mayai. Likarudishwa kusahihishwa, likapelekwa, likarudishwa tena kwa kuwa muhuri ulikaa upande wa kushoto. Wakiwa wanausogeza muhuri, Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima baada ya kubainika kwamba fedha nyingi zilikuwa zimekopeshwa kwa vikundi hewa. Kina mama wetu walijitafakari sana. Wakagundua kwamba kosa lao lilikuwa kuwepo.

Usidhani hatuthamini kazi yenu. Kwenye kukusanya mko vizuri, na mwenye macho haambiwi tazama. Kijana wa kizuizi anakaa pale njia panda jua lake na mvua yake, mashine ya POS mkononi, na haijawahi kumwishia chaji, sifa ambayo friji ya chanjo haiwezi kujitangazia. Tangu 2017 mzigo wa mazao usiofika tani moja hautakiwi kutozwa ushuru unapovushwa kwenda halmashauri nyingine. Mama mmoja aliyekuwa na magunia matatu ya mahindi alimkumbusha kijana huyo. Akajibiwa kwa upole kwamba mashine haina kitufe cha tani. Siku nyingine mtandao unakataa, fedha inapokelewa vilevile, na risiti unaambiwa uifuate kesho. Ripoti za CAG hazichoki kutaja makusanyo ya halmashauri ambayo hayakufika benki, kwa hiyo tunaamini kesho hiyo inafahamika mpaka Dodoma.

Mjini nako mambo ni yale yale. Watoto wetu waliopanga huko wanakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Sheria inasema kodi ni ya mwenye nyumba, mita inasema ni ya anayenunua umeme, na kwenye ubishi huo mita ndiyo yenye kauli. Ukikaa miezi miwili bila kununua, inakungoja kwa subira, kisha inakata yote kwa mpigo. Sisi tunaistaajabia teknolojia hii. Dola inayoweza kumfuata mpangaji wa chumba kimoja mpaka ndani ya taa yake na kuchukua shilingi yake bila kumkosa, haiwezi kushindwa kumtumia ujumbe mfupi wa kumweleza shilingi hiyo imetua wapi. Uwezo upo. Pengine na hapo kilichokosekana ni kitufe.

Turudi kwenye mipango, maana hatutaki ionekane kwamba hatukushirikishwa. Tulishirikishwa. Wataalamu wenu walikuja na ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wakabandika makaratasi makubwa ukutani, wakatugawa kwenye makundi, wazee huku, vijana kule, kina mama chini ya mwembe. Tukaainisha fursa. Tukaainisha vikwazo. Tukapanga vipaumbele: kwanza paa la zahanati, pili kisima, tatu daraja la mkondo unaowazuia watoto kwenda shule masika. Mtaalamu akavisoma kwa sauti, tukapiga makofi, akayakunja makaratasi. Baadaye tukaarifiwa kwamba umeshuka ukomo wa bajeti. Sisi tunaoishi kwa kilimo tunakijua kitu kinachoshuka ghafla kutoka juu, lakini mvua ya mawe angalau huacha barafu. Mwaka uliofuata makundi yakagawanywa upya, na sisi, kwa kuwa ni watu wasikivu, tukaainisha upya vikwazo vile vile. Mzee mmoja aliomba ukomo wa bajeti wenyewe uandikwe kwenye orodha ya vikwazo. Mtaalamu alisema hauna safu yake kwenye fomu.

Kwa upande wa barabara, tunao ushauri. Mwenge wa Uhuru ulipopita kijiji jirani, greda lilifika siku chache kabla, makalavati yaliyolala tangu enzi za diwani wa zamani yakafukiwa mahali pake, mawe ya kandokando yakapakwa chokaa, na kisima kilichokuwa kibovu kikatoa maji asubuhi nzima mpaka msafara ulipoondoka. Ratiba ilisema mradi mmoja utawekewa jiwe la msingi, mwingine utazinduliwa, mwingine utakaguliwa na mwingine utatembelewa. Hakuna uliopangiwa kukamilishwa, lakini hilo si kazi ya Mwenge. Tunaomba Mwenge uwe unapita kwetu kila mwezi. Kama wakimbiza Mwenge hawatoshi, vijana wapo, wana mbio, na hawana kazi nyingine.

Ukituliza akili, Mkurugenzi, utaona kwamba wewe hukosi watu wa kukuuliza. CAG anakuuliza. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inakuita uende na mafaili. TAMISEMI inataka taarifa ya robo mwaka. Mkuu wa Mkoa anakuja kwenye baraza maalumu la kujibu hoja za mkaguzi, na tumesikia hoja nyingi zimefungwa. Wote hao unawajibu, na tunakuonea huruma kwa usingizi unaoukosa. Lakini wote wako juu yako. Hakuna hata mmoja atakayelala chini ya paa la zahanati yetu, kama lingekuwepo.

Huku chini, sheria ya mwaka 1982 iliyoanzisha mamlaka za wilaya inatutaka tuwe na mkutano mkuu wa kijiji, na kila miezi mitatu tusomewe mapato na matumizi. Ibara ya 146 ya Katiba nayo imekwenda mbali zaidi. Inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee wanakumbuka zilivyofutwa 1972, zikarudishwa muongo mmoja baadaye kwa sababu ilionekana mambo hayaendi bila wananchi. Mkutano wa mwisho tuliosomewa chochote, Mtendaji alisoma jumla ya mapato, kisha jumla ya matumizi, zikawa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Kijana mmoja akauliza matumizi hayo ni ya nini. Akaambiwa asilete siasa. Anayetaka mchanganuo akaelekezwa kwenye ubao wa matangazo, ambao una kioo na kufuli, na nyuma ya kioo lipo tangazo la chanjo ya mbwa la kampeni iliyokwisha zamani. Ufunguo anao mtu aliyehamia makao makuu.

Hatutamki neno udhaifu. Tunakumbuka Profesa Mussa Assad alipolitumia kuhusu Bunge akiwa CAG: aliitwa kuhojiwa Januari 2019, Bunge likaazimia Aprili kutofanya naye kazi, na Novemba akawa nje ya ofisi. Mahakama Kuu ilikuja kusema Desemba 2022 kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba, lakini sisi hatuna nauli ya kuifikia Mahakama Kuu. Kwa hiyo tunatumia maneno mepesi kama mpapai.

Tunachoomba ni karatasi moja. Mkutano mkuu ujao uje wewe mwenyewe, siyo mwakilishi wa mwakilishi, na karatasi hiyo iseme kiasi gani kimekusanywa kutoka kijiji hiki kwa mwaka, pale kizuizini, sokoni na kwenye mnada wa ng'ombe. Kiasi gani kimerudi. Na kimemlipa nani, kwa kazi gani. Uje na risiti, maana mwalimu mstaafu ameshanunua miwani mipya. Maswali hatutauliza ya siasa. Tutauliza ya mabati: geji ngapi, mangapi, lini.

Ukimaliza kusoma, kijiji kitanyoosha mikono na kukupa hati yake. Zipo tayari za aina tatu, safi, yenye mashaka na isiyoridhisha, zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari, zimebaki kupigwa muhuri. Wino wa muhuri umekwisha ofisini tangu robo ya pili. Tumeambiwa ombi lipo kwenye bajeti ya mwaka ujao.

Tunawasilisha.

Wananchi, kwa pamoja.

Nakala:
Diwani wa Kata, endapo atapita kabla ya uchaguzi.
Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji, endapo ufunguo utapatikana.