Barua ya Wazi kwa Kamati Inayopima Lami kwa Makalio

Kwa Waheshimiwa Wanakamati,
Kamati ya Ukaguzi na Upokeaji wa Barabara Mpya.

KUH: PONGEZI KWA KUIPOKEA BARABARA YETU

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi kutoka Kisumu kwa kuipokea barabara yetu mpya. Sitasema ni ipi. Nikiitaja hii, wakazi wa mitaa mingine watalalamika kwamba yao imesahauliwa, maana kila mtaa hapa una mgombea wake. Itoshe kusema kwamba ina lami, ina mistari myeupe, na ina jiwe la uzinduzi lililonyooka kuliko kitu kingine chochote katika mradi huo.

Siku ya ukaguzi nilikuwa kando ya barabara pamoja na watu wa boda na akina mama waliokuwa wakipandisha samaki kutoka Dunga. Tuliona jinsi sayansi inavyofanya kazi. Gari la kwanza lilipita, jeupe, vioo vyeusi. La pili likafuata. Mmoja wenu alishusha kioo nusu, akatoa kiganja, akapunga. Mhandisi aliyeketi mbele akaandika kitu. Kisha mkaelekea kwenye hema, kukawa na maji ya chupa, hotuba mbili ndefu na nyingine iliyoahidiwa kuwa fupi, halafu sahihi. Barabara ikawa imepokelewa kwa niaba yetu.

Nami nimekaa nikakichunguza kifaa mlichotumia kupima. Kina injini ya V8, kinazidi tani mbili, na kina tairi nene na springi zilizotengenezwa mahsusi ili aliye ndani asijue yanayoendelea chini. Kama kifaa cha kupimia, kina sifa moja ambayo maabara yoyote ingeionea wivu: hakijawahi kuleta majibu mabaya. Shirika la viwango, KEBS, likipige muhuri upesi.

Shida ni kwamba mlipoondoka tulianza kuipima kwa vifaa vyetu duni. Tuktuk ilitangulia. Tuktuk ina magurudumu matatu madogo, na lile la mbele hupita katikati ya njia, mahali ambapo gari lenu halikanyagi. Ilipokaribia pale tuta la udongo linapokutana na zege la daraja, dereva alijiinua kidogo kitini. Alikuwa anajua. Zege halishuki, udongo uliojazwa nyuma yake, usiposhindiliwa sawasawa, hushuka, na kati yao hubaki ngazi yenye kimo cha vidole viwili. Abiria wa nyuma, aliyepakata beseni la mbuta wa kukaanga, hakuwa na habari za zege wala udongo. Alizipata mbuta walipokuwa sakafuni. Beseni hilo, kwa kumbukumbu zangu, halikualikwa kwenye hema.

Lakini nisiwalaumu kabla ya kusoma. Nimesoma, na nimegundua kwamba mko karibu na sayansi ya kimataifa kuliko mnavyodhani. Mwaka 1982 wataalamu wa nchi kadhaa walikutana Brasília katika jaribio lililodhaminiwa na Benki ya Dunia, kwa sababu kila nchi ilikuwa inapima mitikisiko ya barabara kwa chombo chake na hakuna aliyeelewa namba za mwenzake. Kilichotoka huko, kikachapishwa 1986, ni kipimo kiitwacho IRI, na msingi wake, kama wenu, ni gari. Ila gari lenyewe halipo. Tena si gari zima, ni robo ya gari: gurudumu moja, springi moja na uzito juu yake, vyote vikiwa ndani ya hesabu, vikienda kilomita 80 kwa saa juu ya umbo la barabara lililopimwa kwa makini. Hesabu hiyo hujumlisha springi imepanda na kushuka mita ngapi katika kila kilomita. Sifuri ni barabara isiyotikisa kabisa. Lami mpya iliyotengenezwa vizuri huangukia kati ya 1.5 na 3.5. Barabara ya udongo iliyoharibika hupita 10 bila kuona haya.

Robo ya gari lisilokuwepo! Nikajua Kisumu hatujaachwa nyuma, maana matatu zetu nyingi zinatembelea zile robo tatu zilizobaki.

Tofauti ni kwamba gari hilo la hesabu halina kiti cha ngozi wala mgeni rasmi, na halibadiliki, liwe Brasília au Bondo. Ndiyo maana mwanakandarasi anaweza kubanwa nalo. Huko Marekani, majimbo mengi humkata pesa namba ikipanda na kumwongeza ikishuka. Kwetu anayekatwa ni mwenye gari, kwa fundi wa bushi.

Na msiseme haya ni mambo ya ng'ambo. Kati ya 1971 na 1974, maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ikishirikiana na Benki ya Dunia, ilizunguka barabara za Kenya ikivuta kitrela cha gurudumu moja kwa kilomita 32 kwa saa. Ilihesabu mitikisiko, kisha ikailinganisha na gharama za wenye magari: tairi, vipuri, mafuta. Matokeo yake yaliingia katika hesabu ambazo Benki ya Dunia ilizitumia baadaye kupima faida ya miradi ya barabara katika nchi nyingi. Kwa maneno mengine, dunia ilijifunza gharama ya barabara mbovu kwa kutikiswa hapa Kenya. Miaka 50 na ushei imepita. Bado tunatikiswa, ila siku hizi hakuna anayeandika.

Mtasema rula ipo. Ni kweli, ile rula ya mita 3 inayolazwa juu ya lami na kabari kusukumwa chini yake ili kupima mwanya. Ni kifaa cha haki. Hunasa ngazi ya daraja, hunasa kifuniko cha mtaro kilichopita kimo, hunasa kiungo cha lami ya jana na ya leo, mradi kuna mtu wa kuinama. Lakini ichukueni rula hiyo hadi uwanda wa Kano, kule Ahero, kwenye udongo mweusi wa mashamba ya mpunga. Udongo huo huvimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Barabara ikilazwa juu yake bila udongo kuondolewa wala kutibiwa, huanza kupiga mawimbi, na mawimbi yenyewe ni marefu, mita 10, mita 20. Rula ya mita 3 ikilala ndani ya bonde la mita 20 itaapa kwamba hapo ni tambarare. Dereva wa basi la usiku kutoka Nairobi ataapa vingine, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua rasmi. IRI huyasikia mawimbi mafupi na haya marefu pia, hadi ya mita 30 hivi, kwa sababu hayo ndiyo yanayolisumbua gari kwa mwendo huo.

Halafu kuna matuta. Barabara hupimwa, kama imepimwa, ikiwa tupu. Wiki chache baadaye linamwagwa tuta mbele ya shule, ambalo tunalikubali, kisha mbele ya kanisa, mbele ya soko, mbele ya lango la mtu ambaye sote tunamjua, kila moja na kimo chake kulingana na imani ya aliyelimwaga. Mengine hayana rangi hata tone. Zile kilomita 80 kwa saa za Brasília hapa ni paukwa pakawa.

Nasikia pia hoja ya gharama: vifaa vya leza vinavyofungwa kwenye gari ni ghali. Basi nina habari njema. Mwaka 1991 TRRL hiyohiyo ilitoa ripoti juu ya kifaa kiitwacho MERLIN, kilichobuniwa na M. A. Cundill kwa ajili ya nchi kama yetu. Mbele kina gurudumu la baiskeli. Nyuma, mita 1.8 kutoka hapo, kina mguu, na mikono miwili ya kukisukumia kama toroli. Katikati kuna kidole cha chuma kinachogusa lami, kimeunganishwa na mkono wenye ncha unaotembea juu ya karatasi na kukuza kila milimita mara kumi. Gurudumu likizunguka mara moja, unasimama na kutia alama pale ncha ilipo. Unarudia hadi alama ziwe 200. Unaacha 10 za kila ukingo, unapima upana wa zilizobaki kwa milimita, unazidisha kwa 0.0471, unaongeza 0.593, unapata IRI. Basi. Upana wa 50 unawapa karibu 2.9, endeleeni na hotuba. Upana wa 100 unawapa 5.3, kunjeni hema.

Mafundi wa jua kali wa Kibuye, wanaochomelea mageti na vitanda siku nzima, hawangeshindwa na kifaa hiki. Hakinywi dizeli wala hakidai marupurupu ya safari. Kina ubaya mmoja tu: anayekitumia lazima ashuke garini na kutembea juu ya barabara anayoipokea, karibu mita 400 kwa kila seti ya alama, juani, mbele ya watu. Naelewa kwa nini hamjakikumbatia.

Kuhusu tarehe ya ukaguzi, ningependekeza msije Februari peke yake. Februari kila lami ni nzuri. Masika huanza Machi, na mikataba huwa na kipindi cha dhamana, kwa kawaida mwaka mmoja, ambapo mwanakandarasi hurudi kurekebisha kasoro kwa pesa zake mwenyewe. Namba ya siku ya kupokea ikiwa 2.5 na ya mwisho wa dhamana ikiwa 5, hakuna cha kubishania, na pesa zake zilizozuiliwa hadi dhamana iishe zina kazi ya kufanya. Pasipo namba, ni neno la abiria dhidi ya neno la V8, nasi tunajua ni lipi huandikwa.

Najua kuna njia nyingine ya kupata barabara nzuri, nayo tunaifahamu vyema. Sherehe za Madaraka zilipoletwa Mamboleo Juni 2021, na mkutano wa Africities ulipofanyika hapa Mei 2022, kazi zilikwenda mbio mjini hata usiku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila wageni wana tabia ya kurudi kwao, na hatuwezi kuandaa mkutano wa bara zima kila kifuniko cha mtaro kinapozama.

Ombi langu ni dogo. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inatukata shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18. Mtu wa boda anazilipa mwenyewe. Wa V8 analipiwa, nasi ndio tunaomlipia. Kwa hiyo, kwenye ule ubao wa mradi unaotaja mwajiri, mhandisi mshauri na mwanakandarasi, ongezeni mistari miwili. Wa kwanza: IRI siku ya kupokelewa. Wa pili uachwe wazi, ujazwe dhamana itakapoisha, kabla ya pesa za mwisho kutoka. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinatupa haki ya kuziona namba hizo, lakini ingekuwa uungwana zaidi kuzikuta hapo barabarani bila kuzifuata kwa barua.

Mkikosa mtu wa kusukuma gurudumu, Kisumu ina vijana wengi wasio na kazi na baiskeli nyingi. Tafadhali nijibuni kwa maandishi, kabla mvua za Machi hazijajibu kwa niaba yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa kiti cha nyuma,
Kisumu.