Mwongozo wa Kumtembeza Mbwa Kisangani na Kurudi Naye Mzima

Mwenye mbwa wa Kisangani huogopa nyoka wa msituni, kumbe sumu aliipanda mwenyewe mlangoni. Ukitaka matembezi ya amani, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

1. Kagua ua kabla ya kushika kamba. Wengi tunapanda mbono kuwa ua kwa sababu mifugo haiugusi. Mbuzi atatafuna hata karatasi, lakini mbono anaupita. Mtoto wa mbwa hana hekima hiyo: mbegu ikidondoka anaiokota, kisha anatapika na kuharisha. Mbarika ni hatari zaidi, nao huota wenyewe majalalani na kando ya barabara. Mbegu yake ina madoadoa na tumbo nene kama kupe aliyeshiba. Ganda lake ni gumu, ila likivunjwa na meno, sumu inatoka, na mbwa anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa kabla hajaanza kuhara damu. Ng'oa miche ingali midogo.

2. Heshimu maganda ya mihogo. Muhogo mchungu tunaumenya na kuuloweka siku kadhaa ili sumu itoke, halafu maganda mabichi tunayatupa njiani! Sianidi ni nyingi zaidi kwenye ganda kuliko ndani. Yafukie, na usimruhusu mbwa kunywa maji yaliyolowekewa mihogo.

3. Mvishe kengele. Wawindaji wa misitu ya Kongo huwafunga mbwa wao kengele ya mti shingoni, maana mbwa wa asili wa huku, anayeitwa basenji huko Ulaya, habweki kama wengine. Wewe itumie hivi: mkipita kwenye majani marefu ng'ambo ya daraja la Tshopo, kengele ikinyamaza, mbwa amesimama juu ya kitu. Mwendee mara moja.

4. Chagueni neno moja la kumwamuru aache alichookota. Iwe "Acha!" au "Tika!" ya Kilingala, nyumba nzima itumie hilohilo. Kila anapotema, mpe kipande cha samaki. Na mlishe kabla hamjatoka. Mbwa mwenye njaa hachagui.

5. Akishakula sumu, usibahatishe. Mtoe mabaki mdomoni, msuuze kwa maji. Usimnyweshe mawese wala maziwa: mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na sumu haiondoki. Akitetemeka au akiwa ameanguka, usimlazimishe kutapika. Kata tawi la mmea alioula, lenye jani na tunda, panda pikipiki, nenda kwa daktari wa mifugo. Toleka, teksi ya baiskeli, ni ya siku za raha. Aliyekula maganda ya mihogo anaweza kuzidiwa ndani ya dakika chache. Tawi litamwambia daktari mengi kuliko maelezo yako yote ya wasiwasi.

6. Jifunze mmea usioujua kabla mbwa hajaujaribu. Chuo Kikuu cha Kisangani kina wataalamu wa botania. Waonyeshe tawi, uliza.

Mbwa analinda nyumba usiku kucha na hadai malipo. Kumlinda mchana ni deni letu, nalo linalipwa kwa ufagio: leo jioni fagia mbegu chini ya ua, na upande wa barabarani pia, kwa kuwa mbwa wa jirani hupita hapo.