Nunua Spika, Usinunue Boksi

Ukifika dukani Lodwar kutafuta spika, anza kwa kuligeuza boksi. Achana na upande wenye picha ya moto na radi na maandishi makubwa ya "PMPO wati 10,000". Omba chaja iliyomo ndani, uisogeze karibu na macho, usome yale maandishi madogo kama chembe za mchanga wa Mto Turkwel. Pengine yatasema volti 12, ampea 2. Zidisha: 12 mara 2 ni 24. Chaja hiyo haiwezi kutoa zaidi ya wati 24, na hapo hujatoa zinazopotelea njiani. Mbuzi anayekamuliwa kikombe kimoja hauzwi bei ya ngamia, hata muuzaji akuapie vipi kwamba siku moja alijaza debe.

Somo hili nililipia mwenyewe. Duka moja, ambalo halina haja ya kutajwa, liliniuzia sabufa yenye macho manne mbele. Ilipoanza kukoroma nikaipeleka kwa fundi. Akafungua skrubu sita, akacheka, akaniita: "Mwalimu, njoo uone." Macho mawili yalikuwa na sumaku na waya. Mawili yalikuwa plastiki tupu iliyopakwa rangi ya fedha. Kwa hiyo kanuni ya pili: kabla ya kulipa, weka kiganja mbele ya kila jicho wimbo ukipiga. Lisilotikisika hata kidogo na lisilotoa sauti, muulize muuzaji linafanya kazi gani.

Tuseme wati ni za kweli. Bado hazikuambii mengi. Ukitoka wati 20 kwenda 40, umeongeza desibeli 3 tu, jirani hatashtuka. Ili sikio lisikie kama sauti imekuwa maradufu unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Cha kuuliza ni hiki: ukiipa spika wati 1, inatoa desibeli ngapi umbali wa mita 1? Spika ya desibeli 93 ikipewa wati 10 ni sawa kwa ukubwa wa sauti na ya desibeli 83 iliyopewa wati 100. Ndiyo maana honi iliyofungwa juu ya mlingoti wa msikiti au kanisa, ikisukumwa na mashine ndogo tu, husikika mitaa kadhaa. Honi nyingi huvuka desibeli 100 kwa wati 1. Hazina besi, na mhubiri husikika kama ana mafua, ila maneno yanafika.

Halafu kuna joto. Spika ya kawaida hugeuza takribani asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Zinazobaki zinapasha moto koili ya shaba iliyo nyuma ya karatasi. Shaba ikipata moto huukinza umeme na kuupitisha kwa kiasi kidogo kuliko mwanzo, na sauti hufifia bila mtu kugusa kitufe. Lodwar mchana hupita digrii 35 mara nyingi, kwa hiyo koili inaanza kazi ikiwa tayari imechoka. Spika ya harusi itafutie kivuli cha mkoma kama unavyomtafutia mgeni.

Sasa tuje kwenye sikio lenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Katika miaka ya 1980, Floyd Toole, mtafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwaketisha watu mbele ya pazia, wasikilize spika bila kuziona. Walikubaliana kuliko ilivyodhaniwa. Zilizopendwa ni zile ambazo grafu yake ya ukubwa wa sauti, kutoka besi hadi sauti nyembamba, ikipimwa kwa mbele imenyooka, bila milima na mabonde, na ambazo ukizipima ubavuni mstari unashuka taratibu bila kurukaruka. Mwaka 1994 yeye na mtafiti mwenzake Sean Olive walitoa matokeo ya jaribio la wasikilizaji 40: wakiona spika, alama zao zilifuata ukubwa, bei na jina; spika zikifichwa, alama zilibadilika. Mwaka 2004 Olive akaonyesha kwamba kwa spika 70, vipimo peke yake viliweza kubashiri watu watapenda ipi, kwa uwiano wa 0.86, ambapo 1 ni ubashiri kamili. Kwa hiyo anayesema vipimo havina maana amekosea. Kinachopotosha ni kuchagua kipimo kibaya na kukiandika kwa herufi kubwa.

Toole alitumia pazia. Wewe tumia leso. Pale Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992, dukani utawakuta wateja kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia na Kongo, na kila mmoja ana wimbo anaouapia. Msibishane. Panga spika mbili mezani, tundika leso nyepesi ya pamba mbele yake, kijana mmoja abadilishe waya nyuma. Kwanza sawazisheni ukubwa wa sauti kwa programu ya simu ya kupima desibeli, kwa sababu iliyo juu kidogo tu hushinda mara nyingi, na wauzaji wanalijua hilo kuliko mimi na wewe. Tumieni spika moja moja, si jozi. Toole aligundua kwamba kasoro hujificha zikipiga mbili.

Mpige nini? Besi iacheni mwisho, kwa maana besi nene hufunika makosa kama mchuzi mzito. Anzeni na redio isiyokamata stesheni yoyote, ule mlio wa "shhh". Spika nzuri huutoa laini na sawasawa. Mbaya huuchanganya na "huuu" ya pipa au "siii" ya filimbi, na hiyo rangi itaingia katika kila wimbo. Kisha sauti ya mtu. "Fast Car" ya Tracy Chapman watafiti waliipenda kwa kazi hii kwa sababu inafichua kasoro, na Kenya nani asiyeijua? Malizieni na msomaji wa habari, huku mkiizunguka meza polepole. Akibaki mtu yuleyule hadi ubavuni, spika ni njema. Akigeuka kuwa mtu aliyefunikwa blanketi, muelewe kuwa ndani ya nyumba ya mabati, ambako sauti nyingi hukufikia baada ya kugonga kuta, huyo wa blanketi ndiye utakayeishi naye.

Nje mambo ni mengine. Mchana ardhi ya Turkana huwaka, na hewa moto iliyo chini huipindisha sauti ielekee juu. Walioketi nyuma hupata mabaki. Usiku ardhi ikipoa sauti hupinda kurudi chini na kusafiri mbali, ndiyo sababu muziki wa ng'ambo ya lugga, ule mto wa msimu, unakuamsha saa nane za usiku. Msijaribu spika ya baraza jioni mkaridhika. Tena hewa kavu hula kwanza masafa ya juu, na huko ndiko zinakoishi s, f na t. Mtu akitangaza foleni ya chakula au siku ya chanjo, "saba" inakuwa "aba" na "sita" inakuwa "ita", na mama aliyetembea kilomita tano na mtoto mgongoni anarudi kesho yake kwa kosa la spika.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa kamati za kanisa, za msikiti, za shule na za baraza la chifu: kabla ya kulipa, nendeni uwanjani saa saba mchana. Mketisheni bibi mmoja mstari wa nyuma kabisa, aipe spika mgongo. Msomeeni majina kumi ya watu asiowajua. Akiyarudia yote kumi, lipeni.